Chokaa ya Kasri la Uskoti

Ati Gerishon! Gerishon ambaye Wanjohi alimwokota Nyeri hajui hata kushika mwiko, akamfundisha kuchonga jiwe, akamtafutia kazi huku Doha, leo ndiye wa kushindana naye! Wanjohi alipoitazama ile picha kwenye simu ya injinia wao, Shaun, roho ilimuuma kwelikweli. Lilikuwa kasri kuukuu huko Uskoti, halina paa, miti imeota jikoni. Shaun alikuwa amelinunua alifufue, ahamie na familia yake. Alitaka fundi mmoja wa mawe wa kwenda naye.

"Kila mmoja anijengee ukuta mfupi hapa uani," alisema, nyumbani kwake Al Wukair. "Chokaa na mchanga tu. Mawe ya kale yakitiwa simenti hufungia unyevu, yakapasuka."

Ijumaa Gerishon alichanganya chokaa yake, akaifunika gunia, akakimbilia kanisani Mesaimeer. Wanjohi alibaki. Kijana angemshinda, na alijua. Miaka kumi na miwili ya kupanga matofali juani, halafu mwanafunzi ndiye akajenge kasri? Thubutu! Gerishon alipokaribia kurudi, Wanjohi alichota simenti nyeupe, ile ya vigae, akaikoroga ndani ya ndoo ya mwenzake, akafunika.

Gerishon akaja, akachungulia ndoo ya mwalimu wake. "Mzee, yako ni majimaji. Chukua yangu, imeshika vizuri. Mimi nitachanganya nyingine."

"Wacha, baki nayo."

"Zii! Nitumie nzuri, wewe utumie mbaya? Ulinifunza hivyo?" Akamsogezea ndoo.

Wanjohi akaipokea. Akajenga nayo.

Ijumaa iliyofuata Shaun alikwaruza ukuta wa Gerishon kwa ufunguo, ukatoa unga kidogo. Akakwaruza wa Wanjohi. Ufunguo ukateleza.

"Hii ni simenti," akasema, uso umembadilika.

Gerishon alimtazama mwalimu wake, kisha akatazama chini. "Ndoo aliyotumia ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyechanganya. Mzee hana kosa."

Shaun akaguna. Akamgeukia Wanjohi, akamuuliza, kwa safari ya Uskoti, pasipoti yake imebakiza muda gani.

Hapo sasa! Neno moja tu la ukweli lilitakiwa. Wanjohi akalimeza.

"Miaka minne," akajibu.

Gerishon alikuwa ameshachuchumaa kwenye mfereji, anaosha miiko. Alianza na wa mwalimu wake.