Wimbo wa Kuomba Maji

"Amelala," mama mshonaji alisema, akiuziba mlango kwa mwili wake wote.

Binti mwenye gitaa alishusha mfuko begani. Hospitali ilikuwa ikimtuma kila wiki tangu kiharusi kilipomfunga mdomo mume wa mshonaji. Mzee hakuweza kusema hata "ndiyo", lakini binti alimfundisha kuimba anachokitaka, akimgongagonga mkono wa kushoto taratibu, na maneno yakaja. *Na-o-mba ma-ji.* Yakaja kwa binti, mgeni. Mshonaji aliyemwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, hakuambulia hata neno moja. Wiki iliyopita mzee alimwimbia binti huku akitabasamu kwa upande mzima wa mdomo, na mshonaji akajikuta ameshona mkono wa shati shingoni.

Kutoka ndani sauti nzito ikakwaruza: "Na-o-mba..."

Mshonaji aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Binti hakucheka.

"Labda anaota, Mama," alisema kwa upole. "Acha nikae hapa barazani kidogo, nipumzishe miguu."

Mshonaji akaingia. Mumewe alikuwa kitini, macho yakimpita yeye na kwenda mlangoni.

"Usimtafute," alimwambia. "Leo ni mimi. Au mpaka na mimi ninunue gitaa?"

Mzee aliendelea kuutazama mlango.

Basi mshonaji akampa mgongo, akaketi kwenye cherehani na kuikanyaga kwa hasira, bila uzi wala kitambaa. Taka-taka-taka-taka. Nyuma yake mzee akaanza, "Na-o..." Akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Mshonaji aligeuza shingo. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa ukipiga paja, ukiukimbilia mguu wa mshonaji na kuachwa nyuma.

Akapunguza mwendo. Taka. Taka. Kama anayeshona pindo la hariri.

"Na-o-mba ma-ji," mzee akaimba. Akavuta pumzi, akaongeza kipande ambacho hakuna aliyemfundisha: "Ki-we-mbe."

Ndilo jina mzee alilompa mshonaji walipokuwa wachumba, kwa sababu ya ulimi wake mkali. Hata watoto wao hawakulijua.

Mshonaji alitaka kuinuka akamletee maji. Lakini mzee alikuwa ameanza tena, kila neno limeegemea mguu wa mshonaji kwenye cherehani, na akisimama litaanguka.

"Mwanangu," alimwita binti barazani, mguu ukiendelea. "Jikoni kuna jagi. Mletee baba yako maji."

Alisikia viatu vikivuliwa mlangoni. Sindano ilipanda, ikashuka juu ya chuma kitupu, ikapanda tena, na kila iliposhuka mzee alikuwa papo hapo, akiisubiri.