Vibanio Vyekundu vya Kibuyu

Saluni kwangu siri haikai. Si kwa ubaya. Watu watatu wakiwa na rola kichwani chini ya draya, na wengine wanne wakingoja zamu, kilichobaki ni kuongea tu. Mimi mwenyewe nimewahi kuipeleka habari ya mtu ikafika kabla mwenye habari hajatoka mlangoni. Ndiyo maana nilishangaa mke wa Bwana Kimya aliponichagua mimi.

Aliniambia akiwa kwenye sinki, kichwa kimelala nyuma, povu limejaa masikioni.

“Wifi, yule roboti ni mume wangu.”

Nikadhani maji ya moto yamempanda. Nikapunguza.

“Roboti yupi?”

“Kibuyu. Ile sauti ni yake.”

Sasa nieleze, maana kuna watu hawana tivii. Zipo zile filamu tano za *Mzingo wa Tisa*, za vita vya angani, ambazo kila mtu kaziona, hata anayekataa. Zilipoisha, stesheni ya tivii ikaleta tamthilia yake, *Kabla ya Mzingo*, inayoonyesha mambo yalivyokuwa vita havijaanza, nayo wakaitia sauti za Kiswahili. Inaonyeshwa kila Jumamosi, saa nane mchana. Ndani yake yumo roboti mwenye kichwa cha mviringo na shingo nyembamba. Jina lake halisi ni refu, sisi tukamwita Kibuyu. Kwenye filamu Kibuyu alikuwa na sauti nzito ya mzee mmoja, ukiisikia vikombe vinagongana kabatini. Kwenye tamthilia wakampa mtu mwingine, na saluni yangu haikumkubali.

Na saluni yangu ina utaratibu wake. Kipindi kikiisha, kila mtu anachukua kibanio cha nywele anakibana kwenye taulo langu jeupe lililotundikwa kando ya kioo. Cheusi ni kupenda, chekundu ni kukataa. Kisha Fundi Cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, anairekodi hukumu kwa simu na kuituma stesheni kwa jina la saluni. Mara ya kwanza tulilikataa wigi la nahodha, wakaturusha hewani, na wiki iliyofuata nahodha akaja na wigi jingine. Fundi alisema vipindi vyote vilishapigwa mwaka juzi. Hatukumsikiliza. Tulijua ni sisi.

Mara ya pili tulirushwa kwa ajili ya sauti ya Kibuyu. Taulo lilikuwa jekundu tupu.

“Aliisikia,” mke wa Bwana Kimya aliniambia pale sinki. “Tulikuwa mezani. Akaweka kijiko chini, akainuka, akaenda kukunja nguo ambazo nilishazikunja asubuhi.”

“Na sasa?”

“Stesheni inapokea maoni mpaka Jumamosi hii saa kumi. Wengi wakimkataa, wanamtoa. Wifi, miaka kumi na tisa anatangaza mabasi pale stendi. Hii ni mara ya kwanza kupewa sentensi isiyo na saa ya kuondoka.”

“Kwa nini usiwaambie hawa? Watabadili hukumu leo hii.”

“Hataki. Anasema wakijua watamsifu kwa kumwonea haya. Nimekwambia wewe kwa sababu nitapasuka.”

Akanipasulia mimi. Siku tatu siri ilinikaa kooni kama kidonge kilichokataa maji.

Jumamosi ikafika, nyumba ikajaa. Nesi alikuwa chini ya draya ya kwanza, ana zamu hospitalini saa kumi na moja. Mke wa Bwana Kimya yuko chini ya ya tatu, mkoba kaukumbatia kama unataka kutoroka. Fundi kakaa kwenye kiti kisicho na mgongo, anachomoa uzi kwenye sketi ya mtu. Wengine kwenye benchi, bega kwa bega. Tivii iko juu ya friji, pale inapokaa tangu enzi, spika yake imeangalia ukuta.

Kipindi kikaanza, na maneno nayo.

“Huyo kaja,” Nesi akasema. “Mbu aliyefungiwa kwenye kopo.”

“Roboti wa vita anaongea kama anaomba chumvi kwa jirani,” akasema mmoja wa benchi.

Nikajitia kuchana kichwa cha mtu. “Hajawa wa vita bado. Ndiyo maana ikaitwa kabla.”

“Hata mimi nilikuwa kabla, nilipokuwa kichanga,” Nesi akasema. “Kamuulize mama yangu kama nililia taratibu.”

Wakacheka. Nikamtazama mke wa Bwana Kimya, wifi yangu wa kuitana tu, kwenye kioo. Alikuwa hacheki, midomo yake inatembea. Alikuwa akisema pamoja na Kibuyu, neno kwa neno. Bila shaka aliyasikia yakikaririwa nyumbani.

“Kasemaje hapo?” Nesi akauliza.

“Sijui. Kanung'unika tu,” akajibiwa.

“Na wiki iliyopita alisema nini?” nikauliza mimi.

Nesi akageukia benchi. Nikauliza tena, safari hii benchi zima. Hakuna aliyekumbuka sentensi hata moja ya Kibuyu. Za nahodha walizikumbuka, kwa sababu nahodha anafoka. Ndipo nikazitazama zile draya tatu, zinavuma kama mashine za kusaga, na ile spika inayouhadithia ukuta. Wiki nne tulikuwa tunamhukumu mtu kwa kumwangalia mdomo, na roboti mwenyewe mdomo hana.

Nikaenda ukutani, nikachomoa plagi inayolisha draya zote. Draya zikanyamaza zote kwa pamoja. Tivii nikaigeuza kidogo.

Nesi akainua kofia ya draya. “Umeme umekatika?”

“Umeme upo. Nataka kusikia.”

“Na nywele zangu mbichi?”

“Zitakauka njiani.”

“Nina wagonjwa, mwenzangu.”

“Mgonjwa anayetazama rola huyo keshapona.”

Akataka kujibu, lakini Kibuyu alikuwa ameanza. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha meli yao ya angani, anakunja nguo za mabaharia. Likabaki shati moja ambalo mwenyewe alitoka na chombo kidogo na hajarudi. Nahodha akaingia, akafoka kwamba likatwe matambara. Kibuyu akalishika. Na ile sauti tuliyoiita mbu ikaja, ya chini, haina haraka, kama mtu anayezungumza karibu na aliyelala.

“Nahodha, niliambiwa nilitunze. Sikuambiwa mpaka lini.”

Basi. Akalikunja shati, akaliweka rafu ya juu.

Fundi aliacha kuchomoa uzi. “Mimi ninalo gauni la hivyo dukani,” akasema. “Mwaka wa nne. Kila nikisafisha nalipangusa vumbi.”

Hakuna aliyemtania.

Kipindi kilipoisha, vibanio vikapita. Vyeusi saba. Wawili wakabana vyekundu, wakasema wao wanamtaka mzee wa filamu, yule akisema neno moja panya wa dari wanahama. Ni haki yao. Nesi akabaki na chekundu chake mkononi.

“Sauti sina neno nayo,” akasema. “Ila huyo nahodha simwamini.”

“Kura ni ya sauti, Nesi.”

“Basi nipeni cheusi. Hiki chekundu nambania nahodha.” Akabana vyote viwili.

Fundi akarekodi. Nilimsikia kwa masikio yangu: “Sisi wa saluni, maoni yetu yote kuhusu Kibuyu yafuteni. Tulikuwa tunasikiliza draya. Leo tumemsikia yeye, na wanane kati yetu tunasema abaki.” Ilikuwa saa tisa na robo.

Nikainama na plagi mkononi niirudishe ukutani, mlango ukafunguliwa. Bwana Kimya, kama kila Jumamosi, kaja kumchukua mkewe. Jina hilo tulimpa sisi. Miaka yote husimama pale mlangoni, tukaona midomo inacheza, tusisikie kitu.

“Habari za mchana, akina dada,” akasema. “Nimemfuata mwenzangu. Kama bado, nitasubiri.”

Sindano ya Fundi ilibaki hewani. Benchi zima likamtazama yeye, kisha tivii, kisha mimi. Nikainua mikono, plagi ikining'inia.

“Mimi sijasema kitu.” Na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Mke wake alijifunika uso kwa mkoba. Yeye akashika kitasa, hajui aingie au atoke. Nesi akamsogezea kiti.

“Kaa, shemeji. Kura imeshapigwa na imeshatumwa, hakuna wa kukuonea haya hapa. Wawili wamekukataa, hao wamekaa pale. Ila lile shati usimpe nahodha.”

Akakaa. “Siruhusiwi kusema kinachofuata,” akasema.

“Nani kakuuliza?” Nesi akasema. “Wewe ongea tu. Hata ya mabasi.”

Akatusomea mabasi ya jioni, yote, mpaka la mwisho. Nesi akaenda zamu na rola kichwani, kitambaa juu.

Kama stesheni ilitusikiliza sisi au maelfu ya wengine, sijui. Jumamosi iliyofuata Kibuyu alikuwa na sauti ileile, na mpaka leo anayo. Ila kwangu, saa nane mpaka saa tisa, draya hazichomekwi. Mwenye haraka ya kukauka atafute saluni nyingine.