Sukari Yangu Iko Juu ya Bati

Jana nililala mapema, nikaota mke wangu Somoe ananiamsha kuniambia kwamba sukari yangu imepanda.

"Imepanda wapi?" nikamuuliza.

"Juu ya bati."

Nikatoka uani. Kweli ilikuwa pale, mfuko wa kilo mbili, imekaa ukingoni mwa paa na kuning'iniza miguu. Somoe hakushangaa. Alisema Sista Kalunde wa kliniki ameagiza niishushe kabla ya adhuhuri, la sivyo atakuja kuuchukua mguu wangu wa kushoto, kama ulivyochukuliwa wa marehemu baba.

Nikaleta ngazi. Lakini kila nilipopanda kipandio kimoja, sukari nayo ilisogea juu kidogo.

"Shuka," nikaiambia. "Mwezi wa nne huu sijakutia kwenye chai."

"Hunitii, ila unaniita," ikajibu. "Mwitaji huyo hapo."

Nikageuka. Ulimi wangu umetoka kinywani, umeegemezwa ukutani, maana hauna mfupa na kwenye kiti hauwezi kukaa. Sijui mimi nilikuwa ninazungumza kwa kutumia nini. Mbele yake kuna kikombe cha chai yangu, yenye vile vidonge vitano vya utamu usio na sukari ninavyonunua duka la dawa. Unaonja, halafu unaiita sukari kwa sauti nyembamba, kama mtu anayeita kuku.

Ulimi ukanieleza kwamba hauna kosa. Sukari niliunyang'anya, lakini utamu nikauachia, tena nikauzidisha. Basi ukadhani sukari iko njiani, imechelewa tu.

Hapo uani pakawa ukumbi wa kliniki, ila ngazi na bati letu vilibaki palepale, juu ya mabenchi ya wagonjwa. Sista Kalunde anakuja na utepe wa fundi cherehani, anaupima mguu wangu wa kushoto. Anauliza kwa upole kama kiatu kinabaki au kinakwenda nao.

Nikamwomba siku saba. Akanipa, zikapita nikiwa nimesimama.

Siku ya kwanza niliupa ulimi chai ya rangi bila kidonge. Ukasema hayo ni maji ya kuoshea sufuria, ukanipa mgongo. Siku ya tatu ulilia, Somoe akaukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Mimi nilikuwa nautazama mguu. Siku ya sita ulikunywa kimya, kisha ukauliza, "Humu mna tangawizi?"

"Imo tangu mwaka juzi," Somoe akaujibu.

Siku ya saba haukuita. Sukari ikatega sikio, ikangoja. Mwishowe ikakiri kwamba inataka kushuka lakini inaogopa, nikaishike mkono. Nikavua viatu, nikapanda, nikatembea juu ya bati lenye kutu hadi ilipokuwa. Nikaushika mkono wake. Tukashuka kipandio kimoja. Tukashuka cha pili.

Nikazinduka.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Somoe alikuwa amekaa miguuni pangu kitandani, akinikagua nyayo, kama afanyavyo kila asubuhi tangu afundishwe kliniki. Alikisugua kisigino cha kushoto kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akakinusa.

"Baba Rehani," akasema, "kutu hii umeikanyaga wapi?"