Mbunge Mkubwa Kuliko Wote

Shangazi Etelvina hakuutaka ubunge. Alitaka kutengeneza jibini yake, kumgombeza mbwa wake, na kila Alhamisi kucheza dansi na Belarmino, daktari wa mifugo mstaafu, katika ukumbi wa wastaafu kule bondeni. Lakini chama chake kilikuwa na shida. Upande wetu wa mashariki mwa Asturias, jimbo la kaskazini mwa Hispania, hupeleka wabunge watano tu kwenye Bunge la jimbo kule Oviedo, na kila chama kinachogombea lazima kiwe na orodha kamili ya majina, wanawake wasiachwe nyuma ya wanaume. Sisi huku tuna ng'ombe wengi kuliko watu. Siku ya mwisho ya kupeleka majina, nafasi ya tatu ilikuwa bado tupu, na Nicanor, kiongozi wa orodha, jasho likimtiririka, akaingia kwenye baa yangu ya sidra, ile pombe yetu ya matofaa, akamkuta shangazi.

"Ni jina tu, Bi Etelvina," alisema. "Wa kwanza anapita. Wa pili, akibahatika, anapita. Wa tatu hapiti hata kwa dawa. Wewe unajaza pengo tu, kama nyasi kavu kwenye zizi la ndama."

"Umenifananisha na nyasi," shangazi alisema.

"Nyasi nzuri."

Akatia saini ili amwondokee, maana alikuwa ameacha maziwa nyumbani na yalikuwa karibu kuganda.

Kwenye orodha ya chama pinzani, nafasi ya pili ilikuwa ya Laudelino. Laudelino alikuwa na shamba la matofaa, ng'ombe wanene, na miaka sabini na mitatu, na kati ya mali hizo zote aliyoipenda zaidi ni ile miaka. Alimzidi kila mtu kijijini, au ndivyo tulivyoamini. Kwenye foleni ya mkate alimwambia shangazi, "Wapishe wakubwa zako, binti." Kwenye mashindano ya jibini, alipokuwa mwamuzi, alimwambia mbele ya watu, "Usibishane nami. Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe wewe ungali unanyonya." Shangazi aliuma meno tu. Sote tulijua ana sitini na minane, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia. Alizaliwa ng'ambo ya milima, akaja huku kuolewa na mjomba wangu, na hakuna hata mmoja wa waliokua naye aliyewahi kuvuka kutuhesabia miaka yake.

Usiku wa uchaguzi mambo yalikwenda kama Nicanor alivyosema. Kwetu kura za kila chama hugawanywa kwa moja, kisha kwa mbili, kisha kwa tatu, na matokeo makubwa kuliko mengine ndiyo yanayotwaa viti. Chama cha Laudelino kilipata vitatu, cha shangazi viwili. Laudelino alinunulia baa nzima sidra, akaimimina mwenyewe, chupa juu ya kichwa na glasi chini ya kiuno, nusu ikaishia kwenye viatu vyake.

"Pole, binti," alimwambia shangazi. "Siasa inataka watu waliokomaa."

Shangazi akacheka, akaenda kulala kwa amani.

Ila kura hazikuwa zimekwisha. Babu zetu walitawanyika duniani kutafuta riziki, na wajukuu zao huko Buenos Aires, Havana na Meksiko bado wana haki ya kupiga kura. Zao hufunguliwa siku kadhaa baadaye. Mimi nilikuwa jikoni kwa shangazi tukichuja maziwa simu ilipolia.

"Umepita!" Nicanor alipiga kelele.

"Nimepita wapi?"

"Umepita, mama! Kile kiti cha tano kimewaponyoka wenzetu, kimekuja kwetu. Kura za Havana hizo!"

Shangazi aliweka simu chini polepole. "Mimi Havana simjui hata paka," aliniambia.

Alifikiria kukataa. Kilichomzuia ni Laudelino, ambaye jioni ileile alikuja kwenye baa yangu na suti mpya mkononi, bado imefungwa kwenye plastiki, na habari iliyomvimbisha kama chura. Kikao cha kwanza cha Bunge, alieleza, hakina spika, kwa sababu spika bado hajachaguliwa. Basi anayeketi kwenye kiti kikubwa ni mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, na wale wawili wadogo kuliko wote huketi kando yake kama makatibu. Huyo mkubwa hufungua kikao, hutoa hotuba fupi, husimamia kura ya kumchagua spika, kisha humpisha.

"Nimeuliza kila chama," alisema. "Sabini na mbili, sabini na moja, wengine vitoto. Mkubwa ni mimi! Nitakodi basi, kijiji kizima kije, na mpiga zumari pia. Nawe, binti, nitakuita jina uje kupiga kura. Ukiitwa, usikawie."

Tangu siku hiyo alifanyia mazoezi hotuba yake kwenye kaunta yangu. Ilianzia kwa wafalme wa kale, ikapita kwa kila mto wa Asturias, na wateja wakaanza kununua chupa za kwenda nazo nyumbani.

Wiki moja kabla ya kikao, simu ilimkuta shangazi hapo hapo baani, Laudelino akiwa amefika kwenye mto wa nne. Akaingia nayo jikoni, nilikokuwa naosha vyombo. Aliyepiga alikuwa katibu mkuu wa Bunge, mwanasheria mmoja mpole aitwaye Bi Remedios. Shangazi ni mzito wa sikio la kushoto, hivyo simu yake husikika mpaka uani.

"Bi Etelvina, nimepitia vitambulisho vya wabunge wote. Utakayeongoza kikao cha kwanza ni wewe."

Nilidondosha sahani. Shangazi akanigeukia na macho ya kuua.

"Nikikataa?"

"Unaweza kuomba udhuru. Nafasi itakwenda kwa anayekufuata, Bwana Laudelino. Sababu si lazima uitaje, na mimi umri wa mtu siutangazi."

"Nitakujibu."

Alipokata simu nikamuuliza, "Shangazi, kwani una miaka mingapi?"

"Usiniulize maswali nikiwa karibu na visu."

"Sabini na tano?"

Akainama kuokota vipande vya sahani.

"Na sita?"

"Sauti!" alisema, akafunga mlango. Kisha akaketi juu ya kreti la chupa, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiketi mchana. "Nilipofiwa na mjomba wako, watu walianza kunisemesha kama naelekea kaburini naye. Nikapunguza mitatu. Nikaona raha. Nikapunguza mingine. Halafu akaja Belarmino. Ana sabini, anajiona kijana kwa sababu mimi ni mdogo wake. Ananishika mkono tukishuka ngazi, mwanangu, lakini ni mimi ninayemzuia asianguke. Akijua nimemzidi miaka sita, atanishika mkono tena?"

"Basi omba udhuru."

Kutoka upande wa pili wa mlango tulisikia sauti ya Laudelino: "Nami, mkubwa wenu kwa umri na kwa hekima..."

Shangazi akafumba macho. "Laiti angekuwa bubu," alisema.

Hakumjibu Bi Remedios siku hiyo, wala iliyofuata. Mpaka asubuhi ya kikao hata mimi sikujua ameamua nini. Alivaa gauni la kijani na hereni za harusi yake. Basi la Laudelino lilitupeleka sote Oviedo, mpiga zumari akipuliza njia nzima, na Belarmino akiwa ameketi nyuma yangu, kofia magotini, akimwambia kila mtu kwamba mbunge mrembo kuliko wote ni mwenzake wa dansi.

Tulipanda juu, kwenye viti vya wageni. Chini wabunge arobaini na watano walijaa ukumbini, wakikumbatiana na maadui zao kwa ajili ya kamera. Laudelino alikuwa amejichagulia kiti cha pembeni, karibu na ngazi za jukwaa. Bi Remedios akasimama.

"Kwa mujibu wa kanuni," alisema, "kikao hiki kitaongozwa na mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote."

Laudelino alikwisha kusimama. Alikwisha kufunga kifungo cha koti na mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi.

"Mheshimiwa Etelvina Cueto Noriega."

Shangazi hakuinuka. Niliona shingo yake ikigeuka, akatazama juu, moja kwa moja kwa Belarmino, na nikajua angali hajaamua. Uamuzi wake wote ulikuwa unaning'inia kwenye kofia ya yule mzee. Angekaa kimya kidogo tu, Bi Remedios angeelewa, na mambo yangepita. Lakini Laudelino hakujua kunyamaza.

"Kuna makosa!" aliunguruma. "Huyu ni mtoto mdogo!"

Bunge zima likaangua kicheko. Shangazi akasimama.

"Nina miaka sabini na sita, Laudelino," alisema, kwa ile sauti anayomwitia mbwa toka mlima wa pili. "Septemba naongeza mwingine. Shuka kwenye ngazi hiyo, mdogo wangu, uwapishe wakubwa zako."

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Vyama vyote vilipiga, na havikupigia makofi kitu kimoja tena kwa miaka minne. Shangazi akapanda, akaketi kwenye kiti kilichomwacha miguu ikielea, akawaita wale wadogo wawili, msichana na mvulana ambao angeweza kuwa bibi yao. Kisha akafungua mkoba akatoa miwani, minene kama vitako vya chupa, ambayo hata mimi sikujua kama anayo.

"Nilikuwa nawaona kama ukungu," aliwaambia wabunge. "Sasa naona kwamba sikukosa mengi."

Hotuba hakuwa nayo. Alitazama ukumbi, akamwona Laudelino amejikunyata kitini, karatasi zake amezikunja magotini.

"Mheshimiwa Laudelino amefanya mazoezi mwezi mzima," alisema. "Nampa dakika tatu."

Bi Remedios akainama kumnong'oneza kwamba kanuni hazina jambo hilo.

"Zinakataza?"

"Hazikatazi..."

"Basi aanze."

Laudelino alisimama, uso mwekundu. Alianza vibaya, akapata pumzi, akawafikia wafalme. Kwenye mto wa pili shangazi aligonga kengele. Laudelino aliketi huku anajifuta macho, na sidhani yalikuwa machozi ya hasira peke yake.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Jina moja moja likaitwa, kila mbunge akadumbukiza karatasi yake ndani ya sanduku, na shangazi akazisoma kwa sauti. Raundi ya kwanza hakuna aliyepata zaidi ya nusu. Ya pili, walioongoza wawili wakashindanishwa, na mwanamke mmoja mpole wa Gijón akawa spika. Kisha makamu wawili, makatibu wawili. Shangazi akamkabidhi spika kengele, akashuka, akaketi mahali pake, mstari wa nyuma.

Kwenye ngazi za nje Belarmino alikuwa akingoja, kofia imebonyea mikononi.

"Umenidanganya," alisema.

"Sikukudanganya. Nilikupunguzia."

"Mimi nimekuwa nikikubebea mkoba wa soko, nikijiona kijana! Mgongo wangu!"

"Hukuniuliza kama mkoba unanilemea."

Akaondoka kwa basi la kawaida. Alhamisi iliyofuata hakuonekana ukumbini, wala ile nyingine. Shangazi alirudi nyumbani mapema mara zote mbili, akasugua masufuria yaliyokuwa tayari safi, akasema anahisi miaka yake yote ikimlalia kwa pamoja.

Alhamisi ya tatu aliyekuja kumwomba dansi alikuwa Laudelino, ndani ya ile suti.

"Mkubwa wangu," alisema, akainama kidogo. Neno lilimtoka kama mwiba, lakini lilitoka.

Walicheza vibaya sana, kila mmoja akitaka kuongoza. Habari ikafika nyumbani kwa Belarmino kabla wimbo haujakwisha. Kwetu habari haihitaji redio. Aliingia viatu havijafungwa kamba, akamgonga Laudelino begani.

"Samahani, bwana. Huyu ni mwenzangu."

"Nilisikia umemwacha. Mzee mno kwako, walisema."

"Mzee?" Belarmino alifoka. "Anazunguka nyimbo saba mfululizo bila kukaa. Mimi ndiye ninayedai kukaa, kila wiki. Aibu ni yangu!"

Shangazi aliwatazama wote wawili, mikono kiunoni, miwani puani.

"Mkimaliza kikao, mnijulishe," alisema. "Muziki unaendelea."

Belarmino akainama kufunga kamba za viatu. Alipokuwa anainuka aliyumba, na shangazi akamdaka kwenye kiwiko, akamvuta katikati ya ukumbi.