Wimbi Lililosubiri Kukaribishwa

Usiku wa jana niliota niko kazini, kwenye kitengo chetu cha serikali cha utafiti wa masafa ya redio, na masafa yenyewe yamekuja kupangiwa vyumba. Anga lilikuwa korido ndefu yenye milango. Simu za mkononi zilijazana chumba kimoja zikigombania zamu ya kudeki. Sikushangaa. Nilichoona ajabu ni kwamba hazikunisalimia.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa televisheni ya zamani, ile ya analojia, iliyohamia dijitali ikaacha masafa yake matupu. Nje yake limekaa wimbi dogo, begi mapajani, limevaa ndala za bluu, zote za mguu wa kushoto.

"Shikamoo, mtafiti."

"Marahaba. Mbona uko nje?"

"Mimi ni intaneti ya Shule ya Igongwe, kwa Mwalimu Chilongani. Nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitikia."

Kumbe ndiyo maana jaribio letu la kuipelekea shule intaneti kupitia masafa haya limegoma. Lisiposhika leo, kamati ya kugawa masafa itakitoa chumba hiki kwa kampuni kubwa, na watoto wa Igongwe wataendelea kupanda kilima kutafuta mtandao.

"Chumba ni kitupu. Ukisikia kimya, ingia."

"Ulinifundisha nisikilize kwanza, nisimwingilie mtu. Nimesikiliza. Lakini kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa? Mimi nimelelewa."

Nabembeleza. Nataja sera, kifungu kwa kifungu. Wimbi linatikisa kichwa kwa adabu. Mara korido ni sebule ya mama yangu kule Singida, na mama anachambua mchele bila kutuangalia.

"Mama, limekataa kuingia."

"Lina adabu kuliko wewe. Nyumba isiyo na mtu nani ataitikia? Wewe si ndiye serikali? Mlango mmeweka nyinyi, karibisheni mgeni."

Nikaona haya. Miaka yote tunaandika nani asiingie, hatujawahi kumwambia mtu aingie. Nikavuta pumzi.

"Karibu!"

"Asante," likasema wimbi. Likavua ndala mlangoni, likazipanga vizuri, likaingia.

Niliamshwa na simu. Alikuwa Mwalimu Chilongani, anapiga simu ya video kutoka darasani, mahali ambapo hata ujumbe mfupi ulikuwa haupiti. Nyuma yake watoto wanashangilia.

"Imeshika, mtafiti! Tangu tufungue darasa."

Nilifurahi mpaka nikaruka kutoka kitandani.

"Ila kuna mgeni kasahau viatu hapa mlangoni," akasema, akigeuza simu nione. "Ndala za bluu. Na zote za kushoto."