Shamba la Mubuku Mezani

Jumamosi saa tisa alasiri, Kosiya alibandika tena kanuni za poka ukutani, maana gundi ya unga haikuwahi kushika sawasawa. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kahawa, Bwera. Kanuni zilikuwa kumi na moja, zimepigwa muhuri na kamati ya Kasese, na Kosiya, mwamuzi wa klabu kwa miaka tisa, alizijua kama anavyojua maumivu ya mgongo wake. Ya nne: dau ni kile kilichokuwa mezani kabla karata hazijagawiwa. Ya saba: asiyeketi mezani hasemi.

Tsongo, mmoja wa wachezaji, alipoishiwa punje za kahawa walizochezea kama dau, alisema anaweka shamba la mpunga la Mubuku, lile analolima mkewe, Jolly.

"Shamba haiko kwa meza," Kosiya akasema. Alidhani mambo yameishia hapo, akashukuru moyoni.

Maji yakaanza kuchuruzika kwenye blanketi la meza. Mpunga ukachipua kati ya karata, na katikati yake alikuwapo Jolly, kimo cha chupa ya soda, ameinama anapalilia na gambuti zake miguuni. Wachezaji waliinua karata zisilowe.

"Sasa iko," akasema Nobert, mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa akicheza na Tsongo.

"Imekuja karata zimeshagawiwa, cheameni."

Nobert akaomba kalamu, akaongeza kanuni ya kumi na mbili chini ya muhuri: kinachokuja chenyewe kinahesabiwa kilikuwapo. Kanuni ya kumi na moja ilisema neno la mwenyekiti ndilo la mwisho, kwa hiyo Kosiya akaipokea kalamu, akairudisha mfukoni kwa aibu.

Tsongo alikuwa na jozi mbili. Nobert akafunua wafalme watatu.

"Mimi ndiye nilipanda hii mupunga," Jolly akasema bila kunyoosha mgongo. Nobert akaonyesha kanuni ya saba kwa kidole. Tsongo alitazama viatu vyake.

Mpunga haukuondoka. Kila Jumamosi wanachezea kandokando ya matuta, na Kosiya huanika karata dirishani. Mavuno huchukuliwa na Nobert. Jolly bado anapalilia, kwa kuwa aliuotesha mwenyewe na hawezi kuutazama ukifa, na kila wiki humuuliza mwamuzi kama sasa anaweza kusema.

"Keti kwanza, mama," Kosiya humjibu kwa uchovu. "Kanuni ni hiyo."

"Nikikaa, hii majani itang'olewa na nani?"