Ubeti wa Pili Korongoni

Bi Vifungo alisimama ukingoni mwa korongo, mkono mmoja umekamata ukosi wa shati la mumewe kana kwamba huyo mume ndiye aliyekuwa karibu kuanguka. Chini yao mlima ulikuwa umepasuka kwa mkato mmoja mrefu, kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi wenye haraka, na ndani ya mpasuko huo kijani kilikuwa kimejimwaga bila kuombwa: majani mapana kama sinia, kuvu juu ya mawe, mizizi inayoning'inia hewani ikitafuta pa kushika. Mwisho wake, mbali kabisa, palionekana kipande cha buluu kisichozidi upana wa leso. Alikitupia jicho mara moja, akageuza uso.

"Uliniambia tunakwenda mlimani," alisema.

"Na huu si mlima?" mumewe akajibu. "Kama mlima wenyewe umeamua kuishia baharini, mimi nimekosa nini?"

Huyo mume alikuwa fundi wa saa ambaye tangu azaliwe hajafika mahali kwa wakati, ndiyo maana rafiki zake wakampachika jina la Saa Mbovu. Yeye mke alishona sare za shule, na watoto walimwita Bi Vifungo kwa sababu akiwa kwenye cherehani hakukosa kifungo kati ya midomo. Walikuwa wamejaliwa binti mmoja tu, muuguzi, aliyeolewa katika mji wa pwani. Sasa mimba yake ya kwanza ilikuwa imekaribia kutimiza siku, na kila alipopiga simu neno lake lilikuwa moja: "Mama, nakutaka wewe. Simtaki mwingine." Kila mara mama alijibu kwamba hata bara kuna wakunga, kwa hiyo aje ajifungulie huko. Bi Vifungo alikuwa amefikia umri wa kuitwa bibi, na hajawahi kutia hata kidole cha mguu baharini.

Woga huo aliurithi. Baba yake alikuwa mwoka mikate katika meli, meli ikavunjika, yeye akapona. Ni hayo tu aliyowahi kuwasimulia wanawe. Baada ya hapo aliipa pwani kisogo, akajenga tanuri katika mji wa bara, akawakataza watoto wake hata kuchezea bwawa. "Maji hayana udugu," aliwaambia, na mjadala ukafungwa. Alipozikwa, wanawe walimlilia kama mtu mwema aliyekuwa mwoga, na hawakuona aibu, kwa maana wao wenyewe walikuwa makuti ya mnazi ule ule.

"Sikiliza, mama," Saa Mbovu alisema, safari hii bila mzaha. "Meli ya baba yako ilivunjika hapo chini. Nimeulizia, nimehakikisha. Tushuke, tutazame. Ukisema turudi, tunarudi nyumbani, na mimi mwenyewe nitampa binti habari."

Bi Vifungo aliyatazama yale majani. Akauachia ukosi.

"Ukinidanganya tena, utajifulia mwenyewe mpaka kiama."

Aliyewatembeza alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa miguu, mzaliwa wa kijiji kilichokuwa juu ya korongo. Wote walimwita Filimbi, kwa ile filimbi aliyoivaa shingoni na ambayo, alivyokiri mwenyewe, hakuipuliza sana kwa sababu sauti yake ilitosha. Alitangulia akiwaonyesha pa kukanyaga na pa kushika. Kijito chembamba kilishuka nao, mara upande huu, mara upande ule, kikinong'ona kama mtu anayesoma peke yake. Kuta za mwamba zilipanda pande zote mbili hadi anga ikabaki utepe. Njiwa waliruka juu kwa juu, na mbawa zao zilipopiga hewa mwamba ulizirudisha maradufu.

Saa Mbovu, aliyekuwa akimwonya mkewe kila hatua, aliteleza yeye akakaa kitako katikati ya kijito. Akatulia pale, maji yakimzunguka, uso wa mtu aliyechagua kiti hicho kwa hiari.

"Vipi, baba, umeumia?" Filimbi aliuliza.

"Sijaumia. Napumzika."

Bi Vifungo alicheka mpaka akauegemea mwamba. Alipojifuta machozi alitambua kwamba kwa muda wote huo hakuwa ameikumbuka bahari.

Walifika mahali korongo lilipogawanyika njia mbili. Filimbi akasimama, akaweka kiganja juu ya jiwe kubwa lililokuwa katikati ya njia panda.

"Hapa ndipo penye hadithi yenyewe," alisema. "Meli iligonga mwamba alfajiri, ukungu mzito, mtu haoni mkono wake. Watu wakafika ufukweni wakiwa hoi, na maji yanajaa nyuma yao. Njia ya kutoka ni hili korongo, lakini mnaona, ni mawili. Hili la kulia linakwisha kwa ukuta. Ukiingia humo na maji yakaja, basi. Aliyepata njia ya kweli kwanza alikuwa mwoka mikate wa meli. Alipanda mpaka kijijini. Marehemu bibi yangu, wakati huo msichana, alikuwa anateka maji, akamwona anatokeza kwenye ukungu, ameloa chapachapa. Wakamkaribisha akae, akakataa. Akageuka, akashuka tena."

"Akashuka?" Bi Vifungo aliuliza.

"Akashuka. Akasimama juu ya jiwe hili, akaimba, ili wenzake waifuate sauti. Mmoja mmoja wakapita, wazee, wanawake, nahodha mwenyewe. Hakuondoka mpaka wa mwisho. Sauti ilikuwa imemkauka hana hata ya kusema asante. Na bibi alikuwa akituambia: yule mtu alikuwa anatetemeka na anaimba, vyote pamoja. Akifunga kinywa meno yanagongana, kwa hiyo anafungua tena, anaimba. Alipopandishwa juu, neno la kwanza alilonong'ona ni, 'Mna unga?' Akaoka mikate kijiji kizima kikala."

Filimbi alicheka. "Ule wimbo sisi tumelelewa nao. Mtoto akichoka kupanda, tunamwimbia." Akakohoa kidogo, akaimba, na korongo likamwitikia:

*Umuka, donge, umuka,*
*mwenye njaa ameamka;*
*umuka, donge, umuka,*
*tanuri halijazimika.*

Bi Vifungo alimshika mumewe mkono, kwa nguvu iliyomfanya ageuke. Alikuwa amerudi kitandani kwao, mtoto, alfajiri, na mkono wenye vumbi la unga ulikuwa unamvuta vidole vya mguu kupitia blanketi. Wimbo huo ulikuwa wa nyumba yao. Hakuna jirani aliyeujua, hakuna redio iliyowahi kuupiga. Siku zote aliamini baba yake aliutunga kwa ajili ya uvivu wa wanawe.

"Na ubeti wa pili?" aliuliza.

"Hauna ubeti wa pili, mama. Ni huo huo."

"Upo."

Bi Vifungo hakuwa mwimbaji. Lakini aliuegemeza mgongo wake kwenye jiwe lile, akafumba macho, akaimba kwa sauti iliyoanza kama uzi na kuishia kama kamba:

*Kanda, mkono, kanda,*
*chachu imeshapanda;*
*anayekumbatia kitanda*
*leo atakula ukanda!*

Mwamba uliupokea, ukaupeleka juu, ukaurudisha. *Ukanda… kanda… anda.*

"Mama," Filimbi alisema taratibu, "wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakumbatia kitanda."

Kigelegele kilichomtoka Filimbi kiliwarusha njiwa wote korongoni. Alimkumbatia, akamwachia, akamtazama usoni kama anayesoma saa, akamkumbatia tena. Alitaka kuusikia ubeti ule mara nyingine, kisha nyingine, mpaka akaushika. Na Saa Mbovu, ambaye hajui kuimba wala hajui kwamba hajui, akaingilia kati kwa besi ya kutisha. Wakawa wanaimba na kusahihishana, watu wazima watatu waliolowa, wakipigiana kelele kama watoto waliofungiwa shule mapema.

Waliposhuka tena Bi Vifungo ndiye aliyetangulia. Alikuwa akimfikiria mtu aliyepata njia ya kutokea, akiwa salama, nchi kavu chini ya nyayo, kisha akaipa mgongo akarudi kwenye ukungu. Mtu yule alikuwa anaogopa. Hilo halikubadilika. Ila sasa woga wa baba yake ulikuwa umepata sauti, na sauti hiyo yeye aliijua tangu hajajua kusema.

Kuta zikaachana ghafla, na bahari ikawa yote. Maji yalikuwa yamekupwa. Mbele, ng'ambo ya mkono mwembamba wa maji yanayong'aa, mbavu za meli zilisimama mchangani, chuma chekundu kwa kutu, ndege weupe wamezikalia wakipiga soga.

"Kwa binti ni upande gani?" aliuliza.

Saa Mbovu alionyesha. "Kushoto, nyuma ya ile rasi."

"Tutafika leo?"

"Gari tumeliacha kule juu. Nikiliendesha mimi, kesho."

"Basi nitakuwa nakuhimiza njia nzima." Akavua viatu.

Maji yalikuwa ya baridi. Alipiga ukelele, akaruka, akasimama. Akaweka mguu wa pili. Mchanga ulimponyoka chini ya kisigino, akamwita mumewe kwa ukali aje amshike. Na Saa Mbovu, suruali imekunjwa hadi magotini, alibaki pale nchi kavu akilipima wimbi kwa macho, akidai kwamba yeye kwa leo ameshalowa kiasi chake. Bi Vifungo akarudi akamvuta.

Walifika kwenye mbavu. Aliweka kiganja juu ya chuma, akashangaa. Kilikuwa na joto, jua lilikuwa limekioka asubuhi yote. Ndege walisogea kidogo kuwapisha, hawakuruka.

"Mama!" Filimbi aliita kutoka ufukweni. "Maji yanaanza kujaa!"

"Nayaona," Bi Vifungo alijibu. Akayaona kweli, yakija kwa mstari mmoja mweupe kutoka mbali, na akapanua miguu yake mchangani ili yamkute amesimama vizuri.